Nafasi ya Mwimbaji Ndani ya Biti

Wimbo unaorekodiwa nyumbani siku hizi huanza na biti. Ngoma, besi, kinanda, gitaa na vikorombwezo vyake vimekwisha kupangwa na kuunganishwa kuwa faili moja, na faili hilo humfikia mwimbaji kwa WhatsApp, kwa fleshi, au hupakuliwa kutoka intaneti. Mwimbaji huvaa hedfoni, huisikiliza biti, huimba kwenye maiki, na kompyuta huhifadhi sauti yake pembeni, kwenye mstari wake peke yake. Baada ya hapo ndipo inapokuja kazi ya kuchanganya, ambayo studioni huitwa kumiksi. Sauti iliyorekodiwa chumbani leo na ala zilizotengenezwa mahali pengine, labda mwaka jana, zinatakiwa zisikike kana kwamba wenyewe walikuwa wamekaa pamoja.

Ugumu hutokana na biti yenyewe. Biti nyingi hutengenezwa zikiwa zimejaa tayari, kwa sababu mtengenezaji anataka zimvutie mnunuzi kabla hajaimba mtu. Mwimbaji akiingia hakuti pa kukaa. Dawa inayomjia kila mtu kwanza ni kumwongezea mwimbaji sauti. Akiongezewa, biti huonekana nyonge, nayo hupandishwa, halafu mwimbaji tena, mpaka taa nyekundu zinawaka kwenye kompyuta na wimbo unaanza kukwaruza. Kuchanganya vizuri huhitaji kupunguza zaidi ya kuongeza, na sehemu kubwa ya kupunguza huko hufanyika kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa.

Kwihara ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Kijiji hicho, kilomita chache kusini magharibi mwa mji wa Tabora, kinajulikana zaidi kwa tembe walilofikia David Livingstone na Henry Morton Stanley mwezi Februari 1872, ambalo leo ni makumbusho. Lakini njia ya misafara iliyopita Unyanyembe, yaani eneo hilo la Tabora, ilibeba nyimbo pia, si pembe za ndovu na vitambaa tu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda wakiimba: mmoja alitoa wimbo, wengine wakapokea. Mpangilio huo ndio uliomo katika ngoma za Wanyamwezi, ambamo manju, kiongozi wa wimbo, huimba, waitikiaji humjibu, na wapigaji hulegeza mkono manju anapotoa maneno, kisha huukaza kiitikio kinapopokelewa. Hapo hapahitajiki mtu wa kumiksi. Uwiano wa sauti na ala umo mikononi mwa wapigaji wenyewe.

Mashine za kwanza za kurekodi ziliukuta uwiano huo na hazikuweza kuubadilisha sana. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, mtaalamu wa muziki wa Berlin, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa fonografu. Fonografu haikuwa na kitufe cha kupandisha wala cha kushusha. Aliyetakiwa kusikika alisogezwa karibu na pembe ya mashine, na mwenye kelele alirudishwa nyuma. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika akirekodi mwaka 1950, alikuwa na maiki ya umeme, lakini naye alipenda kuishika mkononi na kuisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa ala, kadiri muziki ulivyokwenda. Umbali ndio uliokuwa kifaa cha kuchanganyia.

Hata bendi za dansi zilirekodiwa kwa mtindo usiotofautiana sana na huo. Tabora Jazz, iliyojulikana nchi nzima kwa wimbo wa "Dada Asha", na wenzao wa Nyanyembe Jazz, ni watoto wa enzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, wakati bendi zilipopiga na kuimba kwa pamoja katika chumba kimoja mbele ya maiki chache. Mpiga tumba akikosea mwishoni, wimbo mzima ulirudiwa. Wanaozisikiliza rekodi hizo leo huona jinsi sauti ya mwimbaji ilivyo wazi, ingawa vifaa vilikuwa duni. Sababu yake haina siri. Magitaa na tarumbeta yalipangiwa kujibu wakati mwimbaji amenyamaza.

Wazo la kuimba juu ya ala zilizokwisha kurekodiwa lilianza kukua kwingine, na lilikulia nyumbani. Mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, na mkewe Mary Ford walitoa "How High the Moon" mwaka 1951, wimbo ambao Mary aliimba sauti zote za pembeni mwenyewe, tabaka moja baada ya jingine, kwa mashine ya tepu iliyokuwa nyumbani kwao. Nchini Tanzania, mapema miaka ya 1990, Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, na vijana wengi wakaona kwamba mtu asiye na bendi anaweza kuwa na wimbo. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa programu ya FruityLoops, ambayo tangu 2003 huitwa FL Studio. Ni vigumu kutaja kifaa kilichoingia katika vyumba vingi vya kurekodia vya Afrika Mashariki kuliko hicho. Tangu hapo ala na mwimbaji waliweza kufanya kazi bila kukutana kabisa, na uwiano uliokuwa mikononi mwa wapigaji ukamwangukia mtu mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta.

Mtu huyo huanza na chumba, kwa sababu maiki hurekodi chumba pamoja na mwimbaji. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, na ndani ya chumba kidogo huufikia ukuta, hurudi na kuingia maikini ikiwa imechelewa kidogo. Biti iliyotengenezwa ndani ya kompyuta haina chumba. Ndiyo maana sauti iliyorekodiwa katika chumba kitupu chenye kuta za lipu ya saruji na sakafu iliyosakafiwa husikika kama mtu anayeimba bafuni wakati bendi iko kwingine. Zaidi ya hapo, kila chumba kina noti zake kinazozivimbisha. Chumba chenye urefu wa mita 3 huvimbisha sauti ya hezi 57 hivi na vigawe vyake, yaani 114, 171 na kuendelea, na baadhi ya vigawe hivyo huangukia palepale ilipo sauti nzito ya mwanamume. Noti moja hutoka na kishindo, inayofuata hutoka nyembamba, na mwimbaji hulaumiwa kwa kosa la ukuta.

Tembe la zamani lilikuwa na sifa ambazo mafundi wa studio huzilipia fedha. Ukuta wake ni mnene na wa udongo, na paa lake lilikuwa bapa, miti iliyofunikwa kwa udongo. Uzito wa namna hiyo huzuia kelele za nje, na udongo usiopigwa lipu laini hauirudishi sauti kama kioo. Hakuna anayependekeza maiki zipelekwe makumbusho. Lakini nyumba ya tofali za kuchoma yenye paa la bati, ambayo ndiyo ya kawaida sasa, ni rahisi kuishi na ngumu kurekodia, hasa kati ya Novemba na Aprili, msimu wa mvua wa Tabora. Bati likianza kupigwa na matone hakuna plagini, yaani programu ya nyongeza kwenye kompyuta, itakayoiondoa kelele hiyo bila kumwumiza mwimbaji. Mchana kuna kunguru kwenye miembe, bodaboda, na jogoo ambaye husubiri mstari wa mwisho wa ubeti. Usiku wa manane ndio saa ya kazi, ingawa nyenje nao huwa wamekwisha kuanza zamu yao.

Trei za mayai zinazobandikwa ukutani katika studio nyingi za nyumbani hupendezesha picha kuliko sauti. Ni nyepesi mno. Hunyonya sehemu ndogo tu ya sauti za juu, na zile nzito hupita kama hakuna kitu. Kinachosaidia ni vitu vinene na laini: godoro, mablanketi mawili matatu yaliyokunjwa, kabati la nguo lililofunguliwa milango. Mahali pa kuviweka napo huwakanganya wengi. Maiki ya kuimbia kwa kawaida husikia mbele kuliko nyuma, na mbele yake yupo mwimbaji na ukuta ulio mgongoni kwake. Godoro basi lisimamishwe nyuma ya mwimbaji. Likiwekwa nyuma ya maiki, kama inavyofanywa mara nyingi, husaidia kidogo tu. Mwimbaji asisimame katikati kabisa ya chumba wala asijibanze kwenye kona, kwa kuwa konani ndiko uzito wa sauti unakojikusanya.

Kuhusu maiki yenyewe, mazoea ni kununua ya kondensa kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye video za wasanii wakubwa. Maiki hiyo, inayohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, husikia kila kitu, pamoja na jirani anayetwanga. Katika chumba kisichotulizwa, maiki ya daineme ya jukwaani, ambayo ni ya bei nafuu zaidi na isiyo na masikio marefu, mara nyingi hutoa sauti inayochanganyika na biti kwa urahisi. Asiye na maiki hutumia simu, na simu iliyowekwa ndani ya kabati lenye nguo huweza kuishinda kondensa iliyosimamishwa katika chumba kitupu.

Umbali unaofaa ni shibiri moja kati ya mdomo na maiki. Mwimbaji akisogea karibu zaidi ya hapo, besi ya sauti yake huvimba kwa tabia ya maiki za aina hii. Akirudi nyuma, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti yake hupungua kwa desibeli 6 hivi, wakati mwangwi wa chumba hubaki ulivyo, na hivyo chumba huanza kumshinda. Soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya na kusimamishwa mbele ya maiki hukata pumzi ya "p" na "b". Sauti irekodiwe ikiwa chini kiasi, kilele chake kikifika desibeli 10 hivi chini ya kikomo. Sauti ndogo isiyokwaruza huweza kupandishwa baadaye, lakini iliyogonga kikomo imeharibika moja kwa moja.

Umeme nao una wimbo wake. Gridi ya Tanzania hutumia hezi 50, na mvumo wake pamoja na ule wa hezi 100 hujipenyeza kwenye nyaya mbovu na chaja. Kompyuta ya mapajani ikiachwa itumie betri yake wakati wa kurekodi, mara nyingi mvumo huo hutoweka papo hapo. Jenereta ikiwa inanguruma uani, ni bora kusubiri.

Mwimbaji anapaswa kuisikia biti bila maiki kuisikia. Hedfoni zinazofunika sikio lote, zikiwa na sauti ya wastani, hutosha. Za wazi au zilizofunguliwa mno huvuja, na mlio wa haihati unaovuja utabaki ndani ya kila mstari wa mwimbaji. Tatizo jingine ni ucheleweshaji. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua milisekunde 3 hivi, na hakuna anayelihisi. Fungu la sampuli 1,024 huchukua milisekunde 23, na safari ya kuingia na kutoka huongeza zaidi. Mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa hivyo huanza kuburuta mwendo bila kujua. Fungu dogo litumike wakati wa kurekodi, kubwa wakati wa kuchanganya. Hedfoni za Bluetooth hazifai kabisa kurekodia, kwani mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100.

Biti pia ina ubora wake. Faili la WAV la ubora wa CD huchukua megabaiti 10 hivi kwa kila dakika. MP3 ya kilobiti 128 huchukua karibu megabaiti 1 tu, na tofauti hiyo ni sauti iliyotupwa. Wimbo uliochanganywa juu ya MP3 na kisha kugeuzwa tena kuwa MP3 hutupiwa mara mbili, na matoazi huanza kusikika kama maji yanayochemka. Mwimbaji anayenunua biti aombe WAV. Akiweza, aombe traki zilizotenganishwa, ngoma peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake, kwa sababu hapo ndipo kumpisha mwimbaji huwa kazi nyepesi. Aulize pia mwendo wa biti kwa mapigo ya dakika na ufunguo wake wa muziki. Prodyuza anajua vyote viwili, na kuvitafuta baadaye kwa kubahatisha hupoteza usiku mzima.

Kuchanganya kwenyewe huanza kwa kushusha. Biti iliyokwisha kupigwa masta, yaani kukamilishwa na kukuzwa sauti, hugonga kikomo cha juu, kwa hiyo hushushwa desibeli 6 au zaidi kabla sauti haijaingizwa. Kisha mwimbaji huletwa polepole kutoka kimya, spika zikiwa chini kiasi kwamba watu wawili wanaweza kuzungumza bila kupaza. Sikio hudanganyika kwa sauti kubwa: besi huonekana tamu na maneno huonekana wazi hata yakiwa hayako wazi. Kwa sauti ndogo udanganyifu huo huisha. Ikiwa neno linapotea hapo, msikilizaji aliye kwenye basi hatalipata.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, nayo ni ekwalaiza, yaani kupunguza au kuongeza sehemu moja moja ya sauti. Mwanamume anapozungumza, msingi wa sauti yake huwa kati ya hezi 85 na 180, na wa mwanamke kati ya 165 na 255. Wakiimba hupanda zaidi. Lakini maneno hayaeleweki kwa msingi huo. Konsonanti zinazomfanya msikilizaji atofautishe "kata" na "pata" hukaa zaidi kati ya hezi 2,000 na 4,000, na "s", "sh" na "z" huwa juu zaidi, kuanzia 5,000 hadi 8,000. Chini ya hezi 80 mwimbaji hana chake, isipokuwa kishindo cha miguu na mvumo, kwa hiyo sehemu hiyo hukatwa moja kwa moja na kuachiwa besi na ngoma kubwa. Kati ya 200 na 400 ndipo chumba kidogo kinapoacha ukungu, na desibeli 3 zikipunguzwa hapo sauti hufunguka. Baada ya kumsafisha mwimbaji, ni zamu ya biti. Desibeli 2 au 3 zikipunguzwa kwenye biti karibu na hezi 3,000, mwimbaji hujitokeza mbele bila kupandishwa hata kidogo. Wanaoanza husita kuigusa biti kwa kuwa imelipiwa, na rekodi nyingi za nyumbani hukwama hapo.

Besi, ngoma kubwa na mwimbaji wote hukaa katikati, kati ya spika ya kushoto na ya kulia. Kinanda na gitaa vinaweza kusogezwa pembeni zikiwepo traki zilizotenganishwa. Ikiwa biti ni faili moja, zipo plagini zinazopunguza kidogo kilichopo katikati na kuacha pembeni. Zitumike kwa woga, kwani zikizidi ngoma hulegea.

Hata baada ya hayo, mwimbaji huwa na mistari ya kunong'ona na mistari ya kupaza. Kompresa husawazisha. Ikiwekwa kwa uwiano wa 3 kwa 1, kila desibeli 3 zinazovuka mpaka huruhusiwa kupita kama desibeli 1. Kupunguza desibeli 3 hadi 6 kwenye vilele hutosha. Zaidi ya hapo pumzi na kelele za chumba hupanda kati ya maneno, na wimbo huanza kuhema. Prodyuza mwenye subira hupitia wimbo mzima kwa mkono kabla ya kompresa, neno kwa neno, akipandisha lililozama na kushusha lililoruka. Kwa mkono huohuo biti hushushwa desibeli 1 au 2 kwenye beti na kurudishwa kwenye kiitikio. Hicho ndicho wapigaji wa manju wanachofanya kwa mikono bila kuambiwa. Kompresa ya sauti za juu pekee, inayoitwa di-esa, hutuliza "s" zinazochoma, nazo huchoma zaidi kwenye maiki za bei ya chini.

Kwaya na vikundi vya kaswida vina mahitaji mengine. Tabora ina kwaya nyingi za makanisa ya Katoliki na Moravian, na kaswida ni sehemu ya maisha ya mji wenye Uislamu wa tangu enzi za misafara. Maiki moja ikiwa mbele ya watu 12, uwiano wao huamuliwa na miguu. Wanasimama nusu duara, wenye sauti nene wanarudi hatua moja, na anayesikika kuliko wenzake anasogezwa pembeni, sawasawa na siku za fonografu. Njia nyingine ni kurekodi soprano, alto, teno na besi kwa zamu, kila kundi mara mbili, kisha kuweka mara ya kwanza kushoto na ya pili kulia. Waimbaji wanne huweza kusikika kama kwaya nzima kwa namna hiyo. Sharti lake ni moja: wamalize maneno kwa pamoja.

Riveba (mwangwi wa chumba) na dilei (mwangwi wa kurudia) humrudishia mwimbaji chumba, safari hii chumba cha kuchagua. Makosa yake ni ya kuzidisha. Riveba ikicheleweshwa milisekunde 20 hadi 40 kabla ya kuanza, neno hutoka likiwa kavu na wazi, mwangwi ukafuata. Dilei hulinganishwa na mwendo wa biti kwa kugawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo ya dakika: wimbo wa injili wa mapigo 72 hupata milisekunde 833, na singeli ya mapigo 200 hupata 300. Mwangwi nao ukatwe besi kama alivyokatwa mwimbaji. Na mtu akiugundua mwangwi kabla hajausikia wimbo, umezidi.

Kuhusu Auto-Tune, tahadhari inahitajika zaidi huku Tabora kuliko kwingine. Programu hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa mawimbi ya ardhini yanayotumika kutafuta mafuta. Cher aliifanya ijulikane dunia nzima kwa wimbo wa "Believe" mwaka 1998. Auto-Tune huivuta kila noti mpaka kwenye noti ya kinanda iliyo karibu. Kwa wimbo wa Kiswahili wa bongo fleva hilo halina madhara makubwa, ufunguo ukiwekwa sawa. Lakini Kinyamwezi ni lugha ya toni, na kupanda au kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana ya neno. Isitoshe, waimbaji wa nyimbo za asili huteleza kutoka noti hadi noti, na zeze halikutengenezwa kwa vipimo vya kinanda. Auto-Tune iliyokazwa hukata mitelezo hiyo vipande vipande. Ikilazimu, ilegezwe kasi na iguse maneno machache yaliyoteleza kweli. Kuimba upya mstari mmoja huchukua dakika chache na matokeo yake ni bora.

Majaribio ya mwisho hufanyika mahali wimbo utakaposikilizwa. Spika ya simu haitoi karibu chochote chini ya hezi 200, kwa hiyo besi iliyotikisa chumba hutoweka na mwimbaji hubaki na kinanda. Redio ya daladala hufanya kinyume chake. Vipaza sauti vya kanisani, vya sherehe na vya gari la matangazo mara nyingi hutoa sauti moja bila kushoto wala kulia, na hapo ala zilizopanuliwa kwa plagini huweza kufutana zenyewe. Ndiyo maana wimbo wote husikilizwa kwa mono angalau mara moja kabla ya kutolewa. Ukubwa wa sauti usigombaniwe sana: YouTube huzishusha nyimbo zinazozidi takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na aliyeuminya wimbo wake ili uwe mkubwa hubaki na wimbo ulioumizwa na usio mkubwa kuliko wa jirani.

Biti zinazopatikana kwa kuondoa sauti ya mwimbaji wa asili ni suala la pekee. Zamani ilifanywa kwa kugeuza upande mmoja wa stereo ili vilivyo katikati vifutane, na besi iliondoka pamoja na mwimbaji. Programu za kujifunza zenyewe, kama Spleeter iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, hutenganisha vizuri zaidi, lakini huacha mabaki ya sauti yanayosikika kama watu wanaonong'ona chini ya maji, na mabaki hayo huangukia kwenye hezi zilezile anazozihitaji mwimbaji mpya. Kwa mazoezi zinafaa. Kwa wimbo wa kutoa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye ala kama inavyomlinda mwenye maneno, na ruhusa ya biti iliyonunuliwa huandikwa, hata kama ni ukurasa mmoja, kabla wimbo haujapelekwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kusajiliwa.

Kabla ya kuifunga kazi kwenye kompyuta, prodyuza hutoa matoleo zaidi ya moja. Lipo la wimbo kamili, lipo la ala peke yake, na lipo la plebeki, ambalo lina ala na sauti za pembeni bila mwimbaji mkuu. Hilo la mwisho ndilo waimbaji wa injili hulipeleka kanisani kwenye fleshi. Kwa kuwa hapo mwimbaji huimba hai juu yake, plebeki hutolewa ikiwa na nafasi ileile iliyochongwa kwa ekwalaiza, haipigwi masta hadi kikomo, na riveba yake hupunguzwa karibu nusu, maana ukumbi wenye sakafu ya saruji na paa la bati utaongeza yake.